Boliti ya Mama Sesilia

Anord alipoitupa nyundo chini, Salma alijua kinachofuata ni mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Tangu asubuhi mafundi walikuwa chini ya pikapu ya Mama Sesilia, wakigombana na boliti inayofunga wishiboni, ule mkono wa chuma wa gurudumu la mbele, kwenye chasisi. Nati ilishatoka. Boliti yenyewe ikagoma, na Anord, mwenye mabega ya kubeba magunia mawili, akabaki anatafuta sababu ya kwenda kunywa chai.

"Tunakata," alisema Mzee Mbaraka, mwenye gereji.

"Mzee, moto ukipita pale chasisi itaungua," Salma akasema. "Naomba nijaribu mimi."

Mbaraka alimtazama. Huo ulikuwa mwezi wa nane tangu Salma apate cheti chake cha ufundi, na kazi yake bado ni kuosha magari. "Haya, jaribu. Ukishindwa, usiniombe tena kushika spana hapa."

Kwenye benchi, Mama Sesilia alijikohoza. Kabichi zake zilikuwa Shume zinamsubiri, na gari ndilo hilo moja. Salma alipomwona alijuta kufungua mdomo, lakini maji alishayavulia nguo.

Akajilaza chini. Akaitia boliti spana, ikazunguka. Akaizungusha tena, ikazunguka bila taabu, maana dizeli waliyoimwagia tangu jana ilishalainisha kutu. Ila ukiigonga itoke, haitoki. Salma akaweka nyundo pembeni. Kama inazunguka, basi kutu si tatizo tena. Imebanwa.

Baba yake alikuwa mpasua mbao kule Shume. Msumeno ukibanwa ndani ya gogo, wageni wa kazi huuvuta mpaka wachubuke viganja. Yeye aliuacha hapohapo, akaenda kulinyanyua gogo. Salma akageuza shingo, akaitazama jeki.

Lushoto kupata pa tambarare ni bahati, na gereji ya Mbaraka haikuwa na bahati hiyo. Mafundi wake walikuwa na mazoea yao: gari likifika, jeki upande wa bondeni mpaka likae sawa, jiwe nyuma ya gurudumu, kazi inaanza, hakuna anayefikiri. Sasa gurudumu bovu lilikuwa upande huohuo wa bondeni, linaning'inia hewani, uzito wake na nguvu ya springi vyote vinaivuta boliti ile. Walikuwa wameipiga asubuhi nzima huku wameibebesha mzigo.

"Anord, niletee jeki ndogo."

"Gari si limeshanyanyuliwa?"

"Niletee tu, kaka."

Akaiweka chini ya wishiboni, akaipandisha kidogo kidogo, vidole vyake viko kwenye kichwa cha boliti. Akaongeza kidogo. Boliti ikalegea, akaivuta kwa vidole viwili tu, ikaja yote. Salma akacheka kwa sauti peke yake kule chini, furaha imemjaa mpaka kooni.

Alipotoka, Mbaraka alikuwa ameshika mpira wa gesi. Akaipokea boliti, akaigeuzageuza, kisha akaenda kuufunga mtungi.

"Gari langu litatoka saa ngapi?" Mama Sesilia akamuuliza.

"Muulize fundi wako."

"Saa tisa, mama," Salma akasema. Akamgeukia Anord, akamtuma dukani kuleta bushi mpya, ule mpira wa ndani ya wishiboni uliochakaa, na Anord akaenda.