Risasi Kumi za Mama Patriki

Jumanne saa nne asubuhi Letisia, mama yake Patriki, aliingia duka la Wolfgang kule mjini, amevaa kitenge cha kanisani, kibali chake amekiweka ndani ya Biblia kisije kikapata doa. Kiliruhusu risasi kumi za shotigani namba kumi na mbili, bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na marehemu mume wake Sulle, na ambayo sasa imeandikwa kwa jina lake. Risasi kumi mwaka mzima! Tangu Jumapili alikuwa hali chakula vizuri kwa furaha, kama mtu anayekwenda kuchagua kitambaa cha harusi.

"Shikamoo mama," alisema Wolfgang.

"Marahaba. Nataka za kulinda nyumba."

"Nyumba ya tofali?"

"Ya fito na udongo. Ng'ombe wanalala upande huu, mkwe wangu Jenifa na mtoto mchanga upande ule. Katikati ukuta tu."

Wolfgang akapanga aina tatu juu ya kaunta, kila moja na ganda lake jekundu na kitako cha shaba. "Hii ina risasi moja nzima ndani," alisema. "Inapita ukuta wako, inapita kitanda cha mkwe, inakwenda kumsalimia jirani. Hii ina punje kubwa tisa. Nazo ukuta wa udongo haziuogopi. Hii ina punje ndogo ndogo, za kuwindia kanga. Zinaishia ukutani, na mwizi akiwa karibu zinamtosha kabisa. Akiwa mbali utamwasha tu."

Wakati anaeleza, risasi zote tatu ziligeuka, zikaanza kubiringika kuelekea mlangoni. Wolfgang akazizuia kwa kiganja bila kuacha kuzungumza.

"Shehena hii inatembea kidogo," alisema. "Zinaelekea aliko mtu wako. Boksi lifunge kwa mpira."

"Baruti haijaharibika?"

"Baruti nzima kabisa, mama."

Basi Letisia akachukua ndogo sita, kubwa tatu na ile nzima moja, kwa sababu kuamua peke yake alishindwa, na pia kwa sababu pale kwao Maretadu mtu hajazi bunduki kabla majirani hawajakaa wakakubaliana. Njia nzima boksi lilikuwa linamsukuma kwapani, kuelekea nyumbani.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya Krismasi. Krismasi ni ng'ombe, alizaliwa tarehe ishirini na tano Desemba. Hakuwa wa Letisia. Alikuwa amewekwa kwake, kama watu wa huko wanavyowekeana ng'ombe tangu enzi: wewe unamtunza, maziwa yako, samadi yako, ndama wa kwanza na wa pili ni wa mwenyewe, na wa tatu ni wako moja kwa moja. Mwenye ng'ombe anajulikana na wawili tu, yeye na anayemtunzia. Ukimtaja, anamchukua ng'ombe wake siku hiyohiyo, na hakuna atakayekuwekea mwingine mpaka unakufa. Kwa hiyo na sisi huyo mwenye ng'ombe tumwache kwanza.

Ndama wa tatu alikuwa tumboni mwa Krismasi, amebakiza majuma mawili. Letisia alikuwa amemngoja miaka sita. Kila jioni alikuwa akiweka sikio kwenye ubavu wa ng'ombe, anamsikia anacheza, na anacheka peke yake. Lakini tangu mahindi yavunwe, ng'ombe watatu walikuwa wameibwa kwenye kilima kilekile, na wote walikuwa na mimba ya ndama wa tatu. Mmoja alikuwa kwa jirani yake Konsolata. Konsolata alilia siku mbili, na hakuweza kumwambia mtu ng'ombe alikuwa wa nani.

Alhamisi mchana majirani wakajaa uani. Weee, palichangamka! Watu waliacha maharage shambani. Margwe, aliyewahi kuwa mgambo, alifika wa kwanza, na hata hajakaa alikuwa ameshaamua.

"Ile nzima," alisema. "Mwizi unampiga mara moja, mambo yamekwisha."

"Umpige wapi, na mikono inatetemeka?" alisema Konsolata. "Zile tisa. Nane zikikosa, moja itampata."

Wakagawanyika. Wengine tisa, wengine nzima, wengine tisa kwenye mtutu wa kulia na nzima kwenye wa kushoto. Watu walisimama, wakaonyeshana kwa mikono jinsi mwizi atakavyoanguka, na kila mmoja alimwangusha kwa namna yake. Jenifa alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Na mimi nalala wapi?" aliuliza.

Mikono ya watu ikashuka.

"Mnachagua kitakachopita kitandani kwangu," alisema. "Kama ni lazima, wekeni zile ndogo. Mwizi akiwashwa tu, na awashwe. Mwanangu simtoi."

Hapo ndipo alipoingia Bura, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi, na daftari lake. Wakamwamkia, wakampa kiti chenye mto. Letisia akatoa mpira kwenye boksi ili naye azione.

Risasi zikatoka. Zikabiringika mezani, zikaanguka chini, zikapita katikati ya miguu ya watu. Watoto wakainua nyayo, kuku wakapisha. Zikafika kwenye kiatu cha Bura zikasimama wima, zote kumi, zikimtazama. Ndogo, kubwa na ile nzima: juu ya jambo hilo hazikubishana hata kidogo.

Letisia akamtazama Konsolata. Konsolata akawatazama wanawake wengine wawili walioibiwa. Kila mmoja alikuwa akijua ng'ombe mmoja tu, wa kwake, na jina la mwenyewe alilimeza. Sasa wote wanne walijua kwamba walikuwa wamemeza jina lilelile.

"Kumbe zinajua kuchagua zenyewe," alisema Margwe, akanywa togwa.

Bura akafungua daftari. "Mama Patriki, risasi zako zinazurura. Silaha inayozurura ni hatari kwa watoto. Kamati itazitunza."

Letisia alitaka kusema. Jamani, alitaka! Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini akiligusa tu, Krismasi angeondoka mchana huohuo, kwa haki kabisa, pamoja na kile kilichokuwa tumboni. Konsolata akamkanyaga mguu, polepole.

"Sawa, mwenyekiti," alisema Letisia, na machozi ya hasira yakamtoka mbele ya watu wote.

Bura hakuhitaji kuzibeba. Alipoinuka zilimfuata kwa mstari mpaka njia ya kwenda Bashay, kama vifaranga. Kwenye kijito aliruka, zenyewe zikapita juu ya gogo.

Jumamosi asubuhi kamba ya Krismasi ilikutwa imekatwa. Bunduki ilikuwa ukutani, safi, imepakwa mafuta, haina kitu ndani. Jenifa na mtoto walikuwa wazima. Letisia alikaa kwenye nyasi alizolalia Krismasi, zilizokuwa bado na joto, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamsikia.

Jumapili Bura alikwenda kanisani, zikamngoja mlangoni, na waumini wakaziruka kwa uangalifu. Jumatatu akaitisha mkutano wa wizi. Aliandika kwamba nyayo zimeelekea Getanuwas, kwa wafugaji wa tambarare, kama alivyoandika mara tatu zilizopita. Risasi kumi zilikuwa chini ya kiti chake. Watu walikuwa wameshazizoea.

"Kuna mtu anajua lolote?" aliuliza.

Letisia akasimama. Uwanja mzima ukainua shingo.

"Mwenyekiti, naomba usizikanyage," alisema. "Kibali kina jina langu, na bunduki naipaka mafuta kila siku."

Akakaa. Bura akaandika kwamba hakuna aliyejua lolote. Kisha akavuta miguu yake nyuma, taratibu, na risasi nazo zikasogea.