Soksi ya Njano kwenye Mpini

Mama mkwe wangu, Maribeth, alianza kunichokonoa tangu langoni mwa bustani ya michezo, pale tunapokodi vigari vya kusukumia watoto.

"Denise, huyo ana miaka saba. Saba! Miguu kapewa ya nini?"

"Jana ilimshinda, Mama. Nikambeba mimi, si wewe."

"Curt mwisho kumsukuma alikuwa na miaka mitatu, na hakufa."

Curt ni mume wangu. Alikuwa amebaki kazini Toledo, salama salimini. Binti yetu Josie alikuwa keshakaa kwenye kigari, anatafuna chingamu, anatuangalia kwa zamu. Maribeth akamwinamia. "Mjukuu wangu, unaona wanavyokutazama? Lijitu zima kwenye kigari cha kitoto! Mimi nikikuona humo naona aibu." Josie akashuka, akatembea. Damu ilinichemka. Kigari nikakisukuma kitupu, makusudi.

Vigari vya kukodi vyote ni vya kijivu, huwezi kukijua chako. Kila mzazi aliyewahi kuja Orlando hufunga alama yake: utepe, puto, skafu. Mimi nilikuwa nimefunga soksi ya njano kwenye mpini, nikamwambia Josie kama ninavyomwambia kila mwaka: "Ukipotea, usinitafute. Nenda kwenye kigari, kaa, nisubiri. Nitakuja."

Tulikiacha kwenye maegesho ya vigari tukaenda kutazama gwaride. Lilipopita na ngoma zake, watu wakamwagika barabarani wote kwa pamoja. Nilipogeuka, Maribeth alikuwa anafuta miwani kwa mikono miwili.

"Josie yuko wapi?"

"Si huyu ha... Nilimwachia kidogo tu, Denise, nifute miwani."

Nikajiambia, tulia, mtoto anajua pa kwenda. Nikakimbilia maegeshoni. Tulipokiacha kigari palikuwa patupu. Wafanyakazi wa bustani walikuwa wameviondoa vyote kupisha gwaride, wamevipanga nyuma ya vyoo, safu kwa safu, vifuniko vya jua vimeshushwa. Nikatafuta njano. Nikaona puto, nikaona skafu, nikaona hata mwanasesere kafungwa kiunoni. Njano hakuna.

"Kimeibwa," nikasema. "Mama, wamekiiba! Josie hatakiona!"

Maribeth alifungua mkoba, akatoa ile soksi. "Niliifungua ulipokwenda kununua maji. Ilikuwa inaning'inia pale, kila mtu anatuangalia."

Sikuwa na muda wa kumchukia. Hilo nililiweka kiporo. Nikaanza safu ya kwanza: nainama, nafunua, nasogea. Katika kimoja kichanga cha watu kilikuwa kimelala, kikaangua kilio, mama yake akanijia juu.

"We vipi? Una wazimu?"

"Nimepotelewa na mtoto!"

Akaanza kufunua pamoja nami. Maribeth alikuwa safu za mbele, anaita kwa sauti yake yote: "Josie! Josephine! Njoo kwa Bibi!" Hakuna aliyeitika. Nikawaza lango la kutokea na magari yaliyokuwa yakipita kule nje. Nikawaza nitakavyompigia Curt simu, nitaanza na neno gani.

Karibu na ukuta, mahali ambapo Maribeth alikuwa amepita sasa hivi, niliona ncha ya kiatu ikivutwa ndani. Nikafunua. Josie alikuwa amejikunja, magoti kidevuni, kajigubika koti la mvua. Nilimkumbatia nikalia bila haya.

"Umekijuaje, na soksi haipo?"

"Chingamu yangu," akasema. "Niliibandika chini ya kiti asubuhi, kabla sijashuka. Nimepapasa vingi."

Maribeth akafika anahema. "Mjukuu wangu! Nimeita mpaka sauti imekauka. Hukunisikia?"

"Nilikusikia, Bibi. Ulipita hapa."

"Sasa mbona hukuitika?"

Josie akavuta koti mpaka puani. "Mama alisema nikae kwenye kigari. Na wewe ulisema ukiniona humu unaona aibu. Nikajifunika, nikasubiri upite."

Nilikuwa nimemwekea Maribeth maneno mazito, sikuyatumia. Alipiga magoti pale pale, akaifunga soksi kwenye mpini, mafundo mawili, akaivuta kuona kama imekaza. Kisha akashika mpini na kuanza kusukuma. Nilipotaka kumpokea alikataa.

"Toa koti, kipenzi," alikuwa akimwambia njia nzima. "Acha wakuone. Upo na Bibi."

Josie hakulitoa mpaka tulipofika langoni.