Kabati la Dukani kwa Lorna

Mimi nauza bunduki, na serikali siipendi. Yote mawili nayasema bila haya. Kwa hiyo Daktari Kessler wa chuo kikuu alipoingia dukani kwangu, hapa Montana, Marekani, akasema Bunge limetoa tena fedha za kutafiti jinsi ya kuzuia vifo vya risasi, nusura nimwonyeshe mlango. Kodi yangu mwenyewe imlipe mtu wa kunichungulia! Lakini alitaka jambo moja tu: niweke kabati la chuma, mtu aliyefikwa na mabaya aache humo silaha zake bure mpaka moyo utulie, asije akajidhuru. Wao wangepima kama linaokoa watu. Nikamwambia jina la mtu hachukui hata moja. Akakubali. Kabati likakaa tupu, nami nikawa namcheka kila akipita.

Majani yalipoanza kupukutika, mdogo wangu Wendell akafiwa na mkewe. Wanaume wa huku hawasemi wanaumia. Ukimuuliza hali yake atakueleza hali ya gari lake. Asubuhi moja akaniletea bunduki yake ya kuwindia kulungu, akasema inakwama. Nikaifungua, nikaijaribu. Nzima kabisa, imetiwa hata mafuta. Nikamrudishia huku namtania kwamba uzee umemwahi kabla ya mvi.

Hakuipokea. Alikuwa anatazama sakafu tu. Mungu wangu, ndipo nilipoelewa.

"Kumbe kweli ina kasoro," nikasema. "Itakaa hapa mpaka theluji iyeyuke."

"Zingine ziko garini, dada," akajibu.

Tukazibeba wote wawili hadi kabatini. Kisha nikampeleka kwa daktari wa hospitali, wala hakubisha.

Mwaka uliofuata wajumbe wa Bunge walikuja mjini kusikiliza watu, maana fedha za utafiti zilikuwa hatarini kukatwa. Daktari Kessler akanisihi nikaseme. Nilisema, kwa ukali wangu wote, kwamba zisikatwe, ila habari za Wendell sikuzigusa, si zangu. Mjumbe mmoja akauliza, basi hilo kabati limemsaidia nani?

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Mdogo wangu, ambaye hata harusini kwake alishindwa kuhutubia, alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mimi," akasema. "Ndiyo maana nipo."