Luhaga Afunga Mlango

Luhaga alipiga gitaa kwenye harusi za watu miaka na miaka, na hakuna hata wimbo mmoja uliokuwa wake. Selina, mkewe, alipofariki, dunia ikamhamia nyumbani. Asubuhi jumuiya ya kanisa, mchana kamati ya harusi ya mtu asiyemjua, jioni mashemeji wa kumshauri aoe. Mzee wa watu akachoka. Akachukua wembe, akaichana karatasi ya spika yake ili gitaa likorome, akatunga wimbo wa roki:

*Nimefunga mlango, msinipigie hodi,*
*salamu zenu, rudini nazo.*
*Hakuna karibu hapa.*

Wa kuurekodi alikuwa Pankaj tu, aliyekuwa na studio ndogo Kirumba. Sasa studio imefungwa, vyombo vimo kwenye maboksi, na jioni hiyo mwenyewe alikuwa anapandia basi stendi ya Nyegezi, anahamia Dar kwa binti yake. Ikawa ni leo au basi. Akapanda mawe ya mlima wa Igogo hadi kwa Luhaga akihema, kompyuta mgongoni, maikrofoni moja mkononi.

"Mzee, kwa mlima huu bado unatembelewa?"

"Hawa wamezaliwa huku. Wanapanda kama mbuzi."

Wakaanza. Sauti ilitoka tumboni, hata Luhaga mwenyewe ikamshtua. Pankaj akatikisa kichwa kwa raha. Ubeti wa mwisho, Luhaga kafumba macho, mishipa imemsimama shingoni: "Salamu zenu, rudini nazo..."

"Hodi! Shikamoo baba!"

"Marahaba, mwanangu!"

Kajibu humo humo kwenye maikrofoni, wala mkono haukuacha gitaa.

Alikuwa Gladness, jirani, na sahani ya ugali na samaki sato, kama kila mchana tangu mazishi. "Baba, mbona kelele, mnapigana?"

Pankaj alicheka mpaka akafuta machozi.

"Litoe hilo neno," Luhaga akasema.

"Halitoki. Maikrofoni moja, kila kitu kimeingia pamoja. Nikilikata, wimbo unabaki na shimo."

Luhaga akatafuta kufuli, akampa Gladness. "Tufungie kwa nje. Watu wakiliona watajua sipo. Ukirudi, utufungulie."

"Na mkiungua?"

"Utasikia harufu."

Gladness akafunga, akateremka na ufunguo kwenda soko la Mwaloni kwenye dagaa zake.

Wakarudia. Hakuna aliyebisha hodi. Wimbo ukaenda hadi mwisho bila kosa, na ukawa kama maji ya kuoshea vyombo.

"Umeimba kama unatangaza mkutano wa kijiji," Pankaj akasema. "Zile hasira ziko wapi?"

Luhaga hakujua ziko wapi. Akaimba tena, na tena, mpaka uzi wa gitaa ukakatika na koo likakauka. Wakiwa wamepumzika, miguu ikaja mlangoni. Kufuli likatikiswa.

"Kafunga," ilikuwa sauti ya Revocatus, mwenyekiti wa jumuiya. "Kaburi la mkewe halijakauka, yeye keshaanza kuzurura."

Miguu ikaondoka. Luhaga alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kiganja juu ya ubao.

Jua likaanza kuinamia ziwani. Pankaj akakunja nyaya. "Mzee, basi halinisubiri."

Wakampigia Gladness. Simu ikalia humo humo chumbani, kando ya sahani. Dirisha lina nondo. Wakakaa kitandani wawili, kama abiria walioachwa.

"Kwa hiyo nimebaki na ule wa kwanza," Pankaj akasema.

"Wenye marahaba."

"Ndio huo. Ndio wenye uhai."

Luhaga akaitazama spika iliyochanwa.

Baadaye kandambili zikasikika kwenye mawe. "Hodi!"

Pankaj akainuka. Luhaga akamshika mkono, akatikisa kichwa. Angalau mstari mmoja wa wimbo wake auishi, mara moja tu.

"Hodi, baba."

Ufunguo haukuingia kwenye kufuli. Gladness hakuwa mtu wa kufungua nyumba ya mtu kabla ya kukaribishwa.

"Baba? Jamani, hodi!"

Sauti imeanza kutetemeka, ile ile ya asubuhi aliyoingia na uji akamkuta Selina hapumui. Pankaj alikuwa na begi begani, anamtazama Luhaga.

"Karibu," akasema Luhaga. Koo lilikuwa limekauka, halikutoa kitu. Ikabidi aseme tena.