Maua Mekundu na Sabuni ya Kulthumu

Sabuni ya Kulthumu ilikataa kuganda kwa mara ya tatu, na huko Rumonge, kando ya ziwa, sabuni ikikataa, mkosaji hatafutwi ndani ya sufuria. Anatafutwa aliyeichungulia. Wapika sabuni wa mtaa wa Waswahili walikuwa na desturi yao: mawese yakishachanganywa na maji ya majivu, anayefika asisalimu wala asitazame motoni. Mjane aitwaye Sikujua, aliyekoroga nao tangu enzi za Wabelgiji, alichelewa siku moja, akafika, akasalimu. Basi ikasemwa ni jicho lake lililoharibu sabuni. Walimfukuza, na kazi nyingine ya kumlisha hakuwa nayo.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mwalimu Léonard Mushagalusa, aliyetoka upande wa Bukavu, alikuwa amejitolea kuwafundisha watu wazima sayansi. Somo la kwanza alijaza ubao mzima Kifaransa. Walikuja watatu, mmoja akakoroma. Mwalimu alinuna wiki nzima, kisha akaachana na chaki.

Siku ya soko alipanga bilauri mezani, akamimina maji aliyochemshia maua mekundu ya uzio. Alipokamua ndimu, maji yakazidi wekundu. Alipotia maji ya majivu, yakawa kijani. Soko lote likahamia pale. Huyu akaleta maziwa mgando, yule pombe ya ndizi, na Hadji muuza samaki wa ndagala akatoa chai yake mwenyewe ipimwe.

"Iko hivi," mwalimu alisema. "Ukali ya majivu ndiyo inashika mafuta. Kama ukali hakuna, sabuni hakuna."

Kulthumu akakimbia nyumbani, akarudi na maji ya majivu yake. Yakatiwa kwenye maji ya maua. Rangi haikubadilika.

"Mama, majivu unaweka wapi?"

"Inje, nyuma ya nyumba."

"Na hii mvua yote?"

Kulthumu akashika mdomo. Mvua ilikuwa imeosha ukali wote, ukaenda zake ardhini. Watu walicheka, naye akacheka, na kila aliyechelewa kufika alielezwa upya na Kulthumu mwenyewe, bila kukosea hata kidogo.

Sikujua akasogea. "Basi kesho nirudi?"

"Urudi, dada yangu," Kulthumu akasema. "Ila tukishachanganya, uangalie upande wa ziwa, si motoni."

Neno hilo lilimuuma Sikujua, na machozi yakamtoka mbele za watu. Alichukua bilauri ya maji ya maua, akainama, akaacha chozi lidondoke ndani, kisha akamsogezea Kulthumu.

"Angalia wewe mwenyewe. Rangi imegeuka?"

Haikugeuka. Mwalimu alijua vizuri kwamba chozi moja haliwezi kugeuza bilauri nzima, la mwema wala la mchawi. Alinyamaza, na nadhani hakuwahi kufundisha vizuri kuliko hapo.

Kulthumu aliitazama bilauri, kisha akamtazama Sikujua usoni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu amfukuze.

"Uje mapema," akasema. "Utakoroga wewe."