Tanuri Lisilohamishika

Mama Tanuri alioka mikate kwenye tanuri la chuma cha meli, zito kama lori lililobeba lori jingine. Siku lilipofika, shemeji yake, fundi mwashi, alilitua kwanza kwenye kiwanja cha kupanga, ndipo akalijengea nyumba kwa kulizunguka, maana mlango wa kulipitisha ulikuwa haujazaliwa.

Sasa hospitali ilitaka mikate mia nne kila siku. Ilimpa hadi Ijumaa awe amepata mashine ya kukandia unga, la sivyo kazi ingekwenda kwa mwingine.

Akaenda benki kuomba mkopo wa mashine. Afisa mikopo alimsikiliza kwa adabu, kisha akamweleza habari ya waraka mpya wa serikali: benki ikimkopesha mfanyabiashara mdogo asiye na mali isiyohamishika, nayo lazima ifungie fedha zake nyingi kabatini, zikae bure. Kwa hiyo wadogo walikuwa wakirudishwa mlangoni.

Mama Tanuri hakugombana. Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni, fomu mkononi.

"Mwanangu, hapa mnauliza kama mali yangu inahamishika. Njooni mkaihamishe."

Afisa akacheka, akasema neno hilo maana yake ni nyumba na ardhi yenye hati, si tanuri kwenye kiwanja cha kupanga. Mama akauliza maana hiyo imeandikwa wapi. Waraka ukafunuliwa, ukageuzwa, ukapekuliwa hadi muhuri wa mwisho, haikuonekana. Meneja, aliyechoka kusikiliza, akatoka ofisini kumaliza ubishi. Angekuja kulisukuma tanuri mwenyewe: likisogea upana wa kidole, mama asiwasumbue tena; lisiposogea, apewe mkopo. Mama akakubali.

Mchana meneja akaja na wapagazi wanane. Wakasukuma, tanuri likanyamaza. Wakaleta mitaimbo, ukuta ukapasuka, dirisha likaangukia kwa jirani. Meneja akavua koti akasukuma mwenyewe, viatu vikarudi nyuma, yeye akabaki kifudifudi sakafuni.

"Bosi," shemeji akamwambia taratibu, "nyumba imesogea. Tanuri bado."

Meneja akakaa juu ya gunia la unga, mweupe kichwa hadi soksi. Akalalamika kwamba makao makuu watamcheka.

"Nao waje wasukume," mama akasema.

Meneja akaomba kalamu na fomu. Akaandika: haihamishiki, nimejaribu mwenyewe. Akatia sahihi, mkopo ukapita.

Mama Tanuri akaisoma fomu mara mbili, akamrudishia. Ukuta nao uandikwe, alimwambia, na gharama iwe ya benki. Yeye aliomba mashine, hakuomba kubomolewa dirisha.

Meneja akaandika.