Sabaha na Sumu ya Panya

Sabaha wa Magomeni aliimba soul kwa miaka kumi na mmoja, nyimbo za taratibu alizozitunga mwenyewe, na kila mtangazaji alimjibu kwamba sauti anayo, ila watu wa Bongo wanataka kucheza. Hata wimbo aliomtungia marehemu mama yake haukupigwa redioni.

Siku moja mchana, akikatiza Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, akausikia wimbo huo. Ulitoka kwenye spika ya Zakayo, muuza sumu ya panya, na kila baada ya kiitikio Zakayo alidakia kwenye maiki: "Panya, mende, kunguni, wote kwaheri!"

"Kaka, huo wimbo ni wangu," Sabaha alisema kwa hasira. "Namlilia mama yangu humo!"

"Kumbe ni wewe!" Zakayo akafurahi kwelikweli. "Niliukuta mtandaoni. Dada, unauza balaa! Nikiweka za kucheza, watu wanacheza wanaondoka. Huu wako wanasimama."

Sabaha akampokonya maiki ili watu waelewe kwamba ni wimbo wa msiba. Akauimba mwanzo hadi mwisho, bila ala yoyote. Wapita njia wakasimama, wachukuzi wakatua mizigo, na mama mmoja mtu mzima akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Tangu aanze kuimba, Sabaha hakuwahi kusikilizwa namna ile.

Yule mama akamsogelea, akamshika mkono.

"Mwanangu, umeniliza," akasema. "Hebu nipe pakiti mbili."

Sabaha akazichukua kwenye meza ya Zakayo, akampa, akawauliza waliobaki kama wangependa wimbo mwingine.